Deni la Fedha Iliyokufa

Mokambo ni mahali pa mpaka. Upande huu ni Kongo, upande ule ni Zambia, na mbele kidogo ni Mufulira, mji wa migodi. Mama anayeuza nyanya sokoni huwa na faranga katika fundo moja la kitenge chake, na kwacha katika fundo la pili, na siku ya bahati noti ya dola katika fundo la tatu. Pengine hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Lakini mwulize kwacha moja ni faranga ngapi leo, naye atakujibu kabla hujamaliza kusema. Wageni humcheka na kusema, "Mama huyu ni benki." Sisi hatucheki, maana twajua hesabu hiyo imetoka wapi. Alifundishwa na mama yake, na mama yake aliijua siku ile alipofungua fundo la kitenge akakuta limejaa noti ambazo hakuna mtu aliyezitaka.

Twasema juu ya miaka ya 1990 mpaka 1998, wakati fedha ya nchi yetu iliyoitwa zaire ilipokufa. Hatutaki kuandika habari zote za miaka ile. Twataka kuuliza swali moja tu la haki, ambalo wazee wetu walilizungumza jioni nyingi bila kupatana: Mtu akikopa fedha iliyo hai, na kabla hajalipa fedha ile ikafa, atalipa nini?

Tuweke mfano. Watu wawili hapa Mokambo ni majirani. Mmoja ni fundi wa kushona, naye ana mashine mbili. Mwaka 1992, karibu na mvua, upepo unang'oa paa la jirani yake. Jirani ana watoto sita. Fundi anauza mashine moja, anampa jirani bei yake yote, na jirani ananunua mabati. "Yaya, nitakulipa baada ya mavuno," anasema. Mwaka 1993 mavuno yanapita, naye kweli anakuja. Hakukimbia, hakujificha. Anaweka mezani noti zile zile kwa hesabu ile ile. Lakini siku hiyo noti hizo hazinunui mashine. Zanunua uzi na sindano.

Fundi anasema, "Ndugu yangu, mimi nilikupa mashine."

Jirani anajibu, "Hapana, yaya. Ulinipa noti. Zihesabu, hakuna hata moja iliyopungua."

Je, nani kati yao anasema kweli? Wasomaji wetu wasijibu upesi. Hakimu atamwunga mkono jirani, kwa kuwa mbele ya sheria zaire moja ni zaire moja, ya jana na ya leo. Lakini hakimu akitoka barazani na kwenda sokoni, hata yeye hatakubali kuuza kuku wake kwa bei ya mwaka jana.

Lazima kwanza tuulize fedha ni kitu gani. Babu zetu wa Katanga walitumia misalaba ya shaba. Msalaba ule ulikuwa na thamani yake ndani yake: mfalme akifa, kijiji kikihama, shaba ilibaki shaba, na fundi wa moto aliweza kuiyeyusha. Karatasi haina kitu ndani yake. Ukiichoma upate moto wa kuchemshia chai, hata kikombe kimoja hakichemki. Thamani yake ni neno tu, ni ahadi ya yule aliyeitoa: "Mpokee mtu huyu, naye atapokewa na wengine." Basi, mtu mwenye mbuzi mmoja akiwaandikia watu wawili barua kwamba mbuzi huyo ni wao, twamwita mwongo. Akiwaandikia watu mia, twamwita nani?

Zaire ilizaliwa mwaka 1967. Siku zile zaire moja ilinunua dola 2 za Marekani, na mwenye mshahara wa zaire 20 hakuwa mtu mdogo. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitatwaliwa na kupewa wenyeji. Wengi waliopewa walikuwa wakubwa na jamaa zao. Waliuza mali iliyokuwa dukani, wakala fedha, na duka likabaki na mbao za rafu. Mwaka uliofuata, 1974, bei ya shaba duniani ilianguka, na nchi iliyokuwa imekopa kwa kutumaini shaba ikabaki na madeni. Mwaka 1976 Askofu Mkuu Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua ya kukemea uroho wa fedha na rushwa. Wakubwa walikasirika. Mambo yakaendelea kama zamani.

Twajua wengine watatuambia, "Msiilaumu serikali mno. Bei ya shaba haikuwekwa Kinshasa." Ni kweli, nasi twakubali. Msiba si dhambi. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na kufika mwaka 1993 kampuni nzima haikutoa tani 50,000. Baba mwenye nyumba aliyepoteza kazi hana dhambi kwa kuwa amepoteza kazi. Lakini tuseme baba huyo, badala ya kuwaita watoto na kuwaambia, "Wanangu, tutakula mara moja kwa siku," anakwenda usiku kuandika hati za deni kwa jina la watoto wake. Hapo ndipo dhambi inapoanza. Msiba ni shaba kuanguka. Uongo ni kuchapisha noti ili watu wasijue kwamba imeanguka.

Na ndivyo ilivyofanywa. Kodi ya shaba ilipokoma kuingia, noti zilichapishwa ng'ambo na kuletwa kwa ndege. Septemba 1991 askari waliokuwa na mshahara usiofaa kitu waliteka maduka ya Kinshasa, na Oktoba uporaji ukafika Lubumbashi. Kila baada ya miezi michache noti mpya ilitoka yenye sufuri nyingi kuliko ile iliyotangulia. Mwisho wa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Thamani yake? Karibu dola 2. Msomaji atazame tena juu kidogo alinganishe: kitu kilichonunuliwa kwa zaire moja mwaka 1967 kilitaka noti ya milioni tano. Na ugonjwa ulikuwa haujafika kileleni. Katika mwaka 1994 peke yake, kitu cha zaire moja mwezi wa Januari kilikuwa karibu zaire 100 mwezi wa Desemba.

Noti ile ya milioni tano yatupa swali gumu. Waziri Mkuu Etienne Tshisekedi, aliyechaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa Agosti 1992, alitangaza kwamba si fedha halali. Mobutu akaitumia kuwalipa askari. Januari 1993 askari wakaenda nayo sokoni, wafanya biashara wakaikataa, na askari wakashika bunduki. Kinshasa iliporwa mara ya pili, watu wengi wakafa, hata balozi wa Ufaransa akauawa kwa risasi. Sasa tujiulize: yule mwenye duka alifanya haki kukataa? Mbele yake alisimama mtu aliyefanya kazi mwezi mzima, mwenye mke na watoto wanaolia njaa, na noti mkononi yenye picha ya Rais. Kumkataa si jambo jepesi.

Sisi twaona alifanya haki. Kama angeipokea, angalikuwa ameisaidia hila, na kesho angeipitisha kwa mama wa mihogo, naye kwa mtu mwingine, mpaka ifike kwa asiyejua kusoma ambaye hana wa kumpa. Uongo hufika mwisho kwa mtu mnyonge kuliko wote. Afadhali ukataliwe mlangoni. Lakini twaona pia kwamba askari alidanganywa kabla hajakosa. Kosa lake ni kwamba alivunja nyumba isiyokuwa yake kuivunja. Aliyemlipa karatasi hakukaa dukani.

Hapa nasi wa kurasa hizi tuna neno la kuungama. Tangu wakati wa Wabeleji, magazeti kama hili letu yaliwafundisha watu kuweka akiba. Twaliandika: usinywe mshahara wako, usicheze karata, weka makuta kidogo kila mwezi, uzee waja. Na watu wema walisikia. Siku za Noeli mwaka 1979 serikali ilitangaza ghafula kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazifai tena; siku za kuzibadilisha zilikuwa chache, na kiasi ambacho mtu mmoja aliweza kubadilisha kilikuwa na mpaka. Fikirini mzee wa kijijini huko njia ya Chembe, mbali na benki, mwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, na ndani yake jasho la miaka kumi. Habari ilimfikia mwezi umekwisha. Jirani yake mlevi hakupoteza kitu, kwa kuwa hakuwa na kitu. Katika miaka ya 1990 mambo yalikuwa hayo hayo, lakini bila tangazo: kila mwezi kopo liliibiwa bila mtu kulifungua. Tulimwambia mzee ule kwamba kuweka akiba ni wema. Kweli ni wema. Lakini hatukumwambia kwamba wema wake umewekwa mikononi mwa mtu mwingine, na hatukumwangalia mtu huyo sawasawa.

Ndiyo sababu twasema kwamba fedha si mambo ya wenye mabenki peke yao. Serikali ikiharibu njia, mtu atazunguka porini. Ikiharibu fedha, inageuza maana ya matendo ya watu: mwenye kuweka akiba aonekana mjinga, mwenye kukopa bila kulipa aonekana mwenye akili, na aliyemhurumia jirani anabaki na uzi na sindano. Watoto hutazama hayo yote. Siku zile watu walisema kwa mzaha juu ya "Artiki ya 15", yaani jitegemee kama unavyoweza. Mwalimu aliuza maksi, karani aliuza sahihi, askari aliuza njia. Mzaha ulikuwa mzuri, nasi tulicheka pia. Lakini mtoto aliyezaliwa wakati ule hakujua kwamba ni mzaha.

Na njaa hutafuta mkosaji aliye karibu. Hapa Katanga, mwaka 1992 na 1993, wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, maelfu kwa maelfu, wakalala kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo. Walifanya kazi migodini pamoja nasi; hawakuchapisha noti hata moja. Kati ya hao waliowatukana mlikuwamo Wakristo, wasomaji wa magazeti ya dini. Hatuwezi kuzungumza juu ya kuanguka kwa fedha na kulinyamazia neno hili.

Oktoba 1993 serikali ya Birindwa ilileta dawa: zaire mpya. Zaire 3,000,000 za zamani zikawa moja mpya, sufuri zikaondolewa, na noti zikapakwa rangi nyingine. Lakini mashine ya kuchapisha ilikuwa ile ile, na mkono ule ule. Mtu mwenye homa ukivunja kipimo chake, homa haishuki.

Watu wa Kasai zote mbili walifanya jambo la ajabu. Waliikataa zaire mpya. Walibaki na noti za zamani, chafu, zilizochanika na kubandikwa, na kwa kuwa hakuna tena aliyechapisha noti zile, bei zao hazikukimbia kama zetu. Serikali ilisema ni karatasi tu, wao wakasema ni fedha, nazo zikawa fedha. Juni 1998, faranga ya Kongo ilipoanzishwa, faranga moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Huko Kasai ilibadilishwa kwa zaire za zamani 14,000,000. Tupige hesabu. Zaire mpya 100,000 kwa hesabu ya Birindwa zilikuwa zaire za zamani 300,000,000,000. Yaani noti ile iliyotupwa na serikali lakini ikashikwa na watu ilikuwa na nguvu zaidi ya mara 21,000 kuliko hesabu ya serikali. Hatusemi kila jimbo liwe na fedha yake. Huko si njia ya kujenga nchi, na shida zao katika biashara na majimbo mengine hazikuwa ndogo. Twasema tu kwamba ahadi ilikaa mahali ilipoheshimiwa.

Nao jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka? Watu wa Mokambo walikimbilia kwacha siku zile, kana kwamba kwacha ni mwamba. Haikuwa mwamba. Huko nako shaba ilianguka, unga ulipanda, na watu walifanya ghasia kwa ajili ya unga mwaka 1986 na 1990. Mwaka 1993 bei zilikuwa zikipanda zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Lakini mwaka huo huo serikali ya Chiluba ilijifunga kwa sheria moja: isitumie fedha ila iliyokwisha kuingia mkononi. Mwaka uliofuata upandaji wa bei ulipungua sana. Tusiwasifu kupita kiasi: zahanati zilikosa dawa, kampuni ziliuzwa, na wanaume wengi wa Mufulira na Kitwe walirudi nyumbani bila kazi. Ilikuwa dawa chungu, na walioinywa zaidi hawakuwa mawaziri. Hata hivyo walijua wanakunywa nini. Kwacha nayo ilikatwa sufuri tatu mwaka 2013, lakini baada ya homa kupoa, na hakuna mama wa Mokambo aliyelia siku ile.

Kwetu homa haikuisha na faranga. Vita vilirudi mwaka 1998, noti zikachapishwa tena, na mwaka 1999 serikali ilikataza watu kununua na kuuza kwa fedha ya kigeni, kana kwamba dola ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mwaka 2000 bei zilipanda zaidi ya asilimia 500. Ni mwaka 2001 ndipo serikali ilipoiacha faranga ipate bei yake ya kweli na kuuzuia mkono unaochapisha, na baada ya miezi mingi homa ikashuka. Haikuwa elimu ngeni. Mama wa nyanya angaliwaambia hayo mwaka 1992.

Turudi sasa kwa fundi na jirani yake, maana bado wamekaa na noti ziko mezani.

Fundi hana haki ya kudai mashine nzima. Jirani hakuiua fedha. Aliuza mahindi yake baada ya mavuno kwa zaire zile zile zinazokufa, naye alipoteza kama watu wote. Kumtoza mashine nzima ni kumbebesha yeye peke yake dhambi ya wakubwa. Lakini jirani naye hana haki ya kusema, "Hesabu noti zako." Juu ya kichwa chake kuna mabati. Mabati yale yalinunuliwa siku noti zilipokuwa hai, na mvua ikinyesha usiku anasikia sauti ya mashine ya yaya wake juu ya paa. Aliyepata faida katika kifo cha fedha asiimeze yote, hata kama sheria yamruhusu. Sheria inahesabu noti. Mtu na jirani yake wahesabu kile kilichotoka mkononi mwa mmoja kikaingia nyumbani mwa mwingine.

Basi, sisi tungewaambia hivi: hasara igawanywe. Jirani alipe nusu ya mashine, si kwa noti, ila kwa mahindi, gunia moja moja kila mavuno, kwa bei ya siku ile katika soko la Mokambo. Pengine itachukua miaka mitatu. Fundi naye asamehe nusu iliyobaki, asimkumbushe mbele ya watu, wala asiwafundishe watoto wake kwamba kumkopesha mtu ni ujinga.

Mzee mmoja aliyetusikia tukisema hivyo alitikisa kichwa. "Ni vema," akasema, "lakini nusu ile nyingine si ya jirani kuilipa, wala si ya fundi kuisamehe. Ina mwenyewe." Tukamwuliza atamdai nani, maana wale waliochapisha noti wengi wao wamekufa, na zaire yenyewe imekufa. Hakujibu. Alituonyesha kopo lake la maziwa, limefungwa kwa mpira, na ndani yake noti za rangi zote, zimepangwa vizuri kwa hesabu.